Habari za Dunia, Mara Moja kwa Juma

Mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, kusini mwa Kigoma, penye mwendo wa usiku mzima kwa boti, ametuletea barua fupi. Asema kwamba waalimu wenzake wamcheka. Wao husoma habari za ulimwengu katika simu tangu alfajiri hata wakati wa kulala. Yeye huizima simu yake Jumapili jioni, asiifungue tena mpaka Jumamosi. Habari za dunia huzisoma siku hiyo tu, katika gazeti moja la juma analoletewa na nahodha wa boti, kisha huwasomea watu wa nyumbani mwake yale aliyoyaona kuwa ya maana. Atuuliza kama desturi hii ni uvivu, na kama Mkristo anayeishika amewapa kisogo wanadamu wenzake.

Tumeona vema kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote, maana twajua kwamba swali lake limo katika nyumba nyingi. Nasi tutaanzia Ujiji. Hapana mji katika bara hii uliopata kujua mapema kama Ujiji jinsi habari inavyosafiri, jinsi inavyochelewa, na jinsi inavyoharibika njiani.

Mwishoni mwa mwaka wa 1871 Daktari Livingstone alikuwa amekaa Ujiji, mgonjwa, amedhoofika, akiisha kurudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Ndipo akafika Bwana Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Alikuwa ameondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, na kwa hesabu yake mwenyewe siku ile ilikuwa ya 236 ya safari. Salamu aliyoitoa yajulikana na kila mtoto wa shule, na mnara umejengwa mahali pale. Lakini sisi twaona kwamba mambo yaliyofuata baada ya salamu yana mafundisho kupita salamu yenyewe.

Stanley alikuwa amechukua mfuko wa barua za Livingstone. Juu ya mfuko ule iliandikwa tarehe ya Novemba 1870, maana yake ulitoka Unguja mwaka mzima uliopita, ukalala siku nyingi Unyanyembe, karibu na Tabora, bila mtu wa kuufikisha mbele. Livingstone akauweka magotini, akaufungua, akasoma barua moja au mbili za watoto wake. Stanley akamsihi azisome zote kwanza. Mzee akakataa. Akasema kwamba amezingoja barua kwa miaka, amekwisha kujifunza uvumilivu, na kuzingoja saa chache zaidi si kitu; aambiwe kwanza ulimwengu unaendeleaje.

Basi akahadithiwa pale barazani. Mfereji wa Suez umefunguliwa, mwaka wa 1869. Mwaka ule ule reli imekamilika katika bara la Amerika, tangu bahari hata bahari. Jenerali Grant amechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Malkia Isabella wa Hispania amefukuzwa katika kiti chake. Wajerumani wamepigana na Wafaransa, na Kaisari Napoleon ameanguka. Mambo ya miaka mingi yalisimuliwa katika kikao kimoja, na msikilizaji alitosheka. Kama angaliletewa magazeti yote yaliyopigwa chapa katika miaka ile, yangalijaza nyumba yake hata darini, na sehemu kubwa ya karatasi hizo ingalikuwa ni kubashiri mambo yasiyotokea na kukanusha mambo yaliyosemwa jana yake.

Hata hivyo tusiisifu mno njia ile ndefu. Stanley aliisimulia vita ya Wajerumani na Wafaransa kwa kadiri alivyoisikia kabla ya kuondoka pwani. Mwezi wa Mei, yeye akiwa bado njiani kuja Ujiji, mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Frankfurt. Kila habari ina siku yake ya kuondoka, nayo haizidi kuwa mpya kwa kuwa imetufikia leo.

Tena, miaka mitano kabla ya hapo, Livingstone huyu huyu alikuwa amekwisha kuliliwa kama marehemu. Wapagazi wake kutoka kisiwa cha Nzwani, ambao mkubwa wao aliitwa Musa, walimwacha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Unguja mwezi wa Desemba 1866 walisema kwamba bwana wao ameuawa na Wamazitu. Walieleza mahali, na silaha, na jinsi walivyomzika. Habari ikaenda Ulaya, watu wakaomboleza. Lakini alikuwako Mwingereza mmoja, jina lake Young, aliyepata kusafiri pamoja na Musa zamani na kuujua ulimi wake. Yeye hakusadiki. Mwaka wa 1867 alipelekwa Nyasa, akawauliza wenyeji wa pwani za ziwa kijiji kwa kijiji, akapata ushahidi kwamba mzungu yule alipita hai, tena mbali sana na mahali palipotajwa kuwa kaburi lake. Young hakuwa na habari mpya kuliko wengine waliokuwa wakilia. Alimjua msemaji, nao hawakumjua.

Nasi hatusemi haya kama watu wasiopata kukosa. Miaka michache iliyopita, usiku wa saa tatu, picha ilifika katika kundi la simu la jumuiya yetu. Ilionyesha chombo kikubwa kimepinduka, tumbo juu, na watu wamesimama juu ya tumbo lake. Chini yake yaliandikwa maneno ya kuomba sala kwa ajili ya watu wa Kigoma. Jioni ile ile binti mmoja wa jamaa yetu alikuwa ameondoka Kigoma kwenda kusini, na simu yake haikupatikana. Mama yake akaanguka chini. Majirani wakaja, moto ukawashwa uani, wazee wakakaa kuhesabiana nani aende Kasulu na nani apige simu Tabora kuwaambia ndugu. Bibi ya binti yule, ambaye moyo wake ulikuwa dhaifu tangu zamani, alichukuliwa usiku ule kupelekwa hospitali, akalazwa siku tatu.

Karibu na alfajiri kijana mmoja mvuvi aliiomba simu, akaitazama picha kwa utulivu, akasema, "Chombo hiki si cha ziwa letu." Ilikuwa picha ya MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Picha ilikuwa ya kweli, na msiba ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa watu wengine na wa siku nyingine. Binti yetu alikuwa amelala salama juu ya magunia yake, mahali ambapo simu haishiki. Na aliyeipeleka picha ile katika kundi, kwa moyo wa huruma, bila kuuliza ni ya lini wala ni ya wapi, alikuwa mmoja wetu sisi tunaoandika gazeti hili. Bibi alitoka hospitali, lakini mpaka leo simu ikilia usiku hushika kifua.

Matendo ya Mitume yawasifu watu wa Beroya kwa kuwa walimpokea Paulo kwa moyo, na papo hapo wakachunguza kama ayasemayo ndivyo yalivyo. Ikiwa Mtume hakuchukizwa kwa kuchunguzwa, twaona mtuma picha naye asichukizwe.

Sasa msomaji aweza kusema, "Basi kuchelewa ni bora sikuzote." Hatukubali. Pwani hii hii ya ziwa yatukataza kusema hivyo. Tarehe 11 Novemba 1918 vita kuu ilisimamishwa Ulaya. Siku hiyo Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake na wapagazi wake walikuwa bado wakipigana katika nchi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wala hakuna aliyewaambia. Habari ilimfikia tarehe 13, kwa sababu mjumbe wa Waingereza aliyepanda pikipiki alikamatwa na karatasi zake. Aliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, juu ya ncha ya kusini ya ziwa letu, tarehe 25. Zilikuwa zimepita siku 14 tangu bunduki kunyamaza Ulaya. Kisha akaletwa kwa meli mpaka Kigoma, akapanda gari la moshi kwenda Dar es Salaam. Twawafikiri zaidi wapagazi. Kwa siku zile mbili walikuwa wakibeba risasi katika mvua kwa ajili ya ugomvi ambao wenyewe wamekwisha kuuacha.

Tena mwezi wa Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya watu wa Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, karibu na mpaka. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Meli Liemba ikawa ikienda na kurudi kuwachukua mpaka Kigoma, na kipindupindu kikazuka. Aliyeambiwa siku ile achemshe maji ya kunywa, akasema atasoma Jumamosi, huenda asingeifikia Jumamosi.

Kwa hiyo, Mwalimu mpendwa, twakuunga mkono katika mambo yote isipokuwa moja. Usiizime simu juma zima. Habari inayoutaka mkono wako leo, kama vile ugonjwa, dhoruba ziwani, mgeni aliyeshuka pwani hana kitu, yapasa ikupate leo. Lakini habari nyingi za dunia hazitaki mkono wako leo. Mabunge ya mbali yakigombana, bei za mafuta zikipanda, wafalme wakizikwa, haya yataka ufahamu wako na sala yako, na hayo mawili hayaharibiki kwa kungoja siku sita.

Kuhusu gazeti la juma lenyewe, yafaa tujue lilikotoka. Mwezi wa Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kupiga chapa Dar es Salaam gazeti la Kiswahili liitwalo Mambo Leo, mara moja kwa mwezi. Wazee wetu walilisoma kwa sauti, mmoja akishika karatasi na wengine wakisikiliza, hata nakala moja ikapita mikono ya watu wengi mpaka ikachakaa kama noti ya zamani. Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, vijana wawili wa Marekani, Briton Hadden na Henry Luce, walitoa New York gazeti la juma liitwalo Time. Luce alizaliwa Uchina, kwa wazazi wamisionari. Vijana hawa waliona kwamba nchi yao ina magazeti mengi mno, na watu wake hawajui mambo, kwa kuwa hapana aliyewahurumia wenye kazi nyingi. Wakaahidi kukusanya habari za juma zima zipatazo mia, ziwekwe kila moja mahali pake, na hata moja isipite maneno 400.

Nchi zetu zilipata la kwao baadaye. Gazeti la Baraza lilianza Nairobi mwaka wa 1939, likatoka kila juma kwa Kiswahili miaka 40, mpaka 1979. Tabora, kwa jirani zetu, Wakatoliki walianzisha Kiongozi mwaka wa 1950. Na London, mwaka wa 1995, Bwana Jolyon Connell alianzisha The Week, ambalo kazi yake ni kuyasoma magazeti mengine yote kwa niaba ya msomaji na kumpa kiini. Hata watu wenye magazeti ya kila siku mlangoni wamekuja kuona kwamba wataka mtu wa kuwapepetea.

Neno hilo la kupepeta twalipenda, maana kila mama wa nyumba alijua. Mhariri wa gazeti la juma akaa na habari za siku sita mbele yake kama mchele katika ungo. Jambo lililotangazwa Jumatatu kwa kelele, likakanushwa Jumatano, halina haja ya kupewa nafasi Ijumaa. Jambo lililoonekana dogo Jumanne, lakini Alhamisi likazaa jingine, sasa laweza kuelezwa pamoja na mzao wake. Msomaji wa kila saa huyapata yote mawili, ila hupata vipande, na kuviunga ni kazi yake mwenyewe, naye hana nafasi.

Lakini apepetaye aweza kutupa na mchele. Luce alimpenda mno Chiang Kai-shek, mtawala wa Uchina, na wengi walililaumu gazeti lake kwa kufunika makosa ya serikali ile. Hata waandishi wake waliokuwa Uchina walinung'unika kwamba maneno yao yaligeuzwa New York. Mtoto wa wamisionari, mwenye nia njema, aliipenda nchi aliyozaliwa hata akashindwa kuona ilivyo. Twalitaja jambo hili ili mtu asilishike gazeti lolote kama Injili, nalo hili letu likiwamo.

Na kuna kasoro nyingine tunayoihisi sana sisi watu wa ziwa. Magazeti ya mbali huandika Kongo na Burundi katika ukurasa wa nchi za kigeni. Kwetu siyo kigeni. Siku ya hewa safi twaiona milima ya Kongo kutoka Kigoma kwa macho yetu. Mchele, mawese, dagaa, vitenge, ndoa na matanga huvuka maji haya siku zote kati yetu na Uvira, Kalemie na Bujumbura. Gazeti likiandika mistari mitatu juu ya vita ya ng'ambo, kwetu mistari ile ina majina ya shemeji na wajomba. Hapo muhtasari hautoshi, na baba wa nyumba asiogope kuuliza gatini, na sokoni, na kwa wageni waliofika, huku akikumbuka Musa wa Nzwani na picha yetu sisi.

Katika nyumba zetu kadhaa tumejaribu desturi hii kwa muda, nasi twaieleza jinsi ilivyo. Jumamosi, chakula cha jioni kikiisha, gazeti huletwa. Mmoja asoma kwa sauti, hasa mtoto wa darasa la sita au la saba, maana hujifunza papo hapo kusoma mbele ya watu. Mwingine ana ramani, iliyopasuka ikagundishwa, naye hutafuta mahali panapotajwa. Asipopaona, husaidiwa na wote, na mara nyingi hapo ndipo kicheko kinapoanza. Habari nne au tano zatosha. Mama mmoja alituambia kwamba zikizidi hapo watoto husinzia na baba huanza kuhutubu, nasi kwa habari ya akina baba hatuna la kujitetea. Baada ya kusoma, nchi zilizotajwa hutajwa tena katika sala ya jioni, kwa majina yake. Mtoto mmoja wa miaka saba aliombea Ukraine majuma mengi bila kukosa, akidhani ni kijiji cha upande wa Uvinza, na hapana mtu aliyeona haja ya kumsahihisha upesi.

Wasio na gazeti la kununua, ama kwa uhaba wa fedha ama kwa sababu halifiki, waweza kujitengenezea. Mwenye redio asikilize taarifa moja kila siku kwa saa ile ile, aandike katika daftari mstari mmoja tu, pamoja na tarehe na jina la kituo alichosikiliza. Ifikapo Jumamosi arudie mistari yake sita. Ataona mwenyewe kwamba mmoja umekwisha kukanushwa, miwili haina uzito tena, na mitatu iliyobaki ndiyo gazeti lake.

Nawe, Mwalimu uliyetuandikia, una ubao. Siku ya Jumatatu asubuhi, kabla ya somo la kwanza, andika pembeni habari tatu za juma lililopita, na mbele ya kila moja uandike ilitoka wapi na ilitoka lini. Watoto watazichukua mpaka nyumbani, na wazazi watazisikia kwa mpangilio ule ule, mahali na siku zikiwa mbele. Gazeti likifika limelowa maji ya ziwa, lianike kwanza juani. Na juma ambalo boti haikuja, andika hivyo hivyo ubaoni: gazeti halijafika.